Manjano, zafarani, habasoda au ginko: ipi imepimwa kwa ajili ya kumbukumbu, na inamfaa nani?

Mzee akianza kuuliza swali lilelile mara tatu kabla chai haijapoa, kila mtu nyumbani huwa daktari. Shangazi analeta manjano ya Muheza, jirani anasifia mafuta ya habasoda, mjukuu aliyeko Ulaya anatuma vidonge vya ginko, na hakosi mtu wa kukumbusha kwamba madrasani watoto wazito wa kuhifadhi waliandikiwa kombe (aya za Kurani kwenye sahani, zikaoshwa na maji yake kunywewa) kwa wino wa zafarani. Wote wana nia njema. Tatizo ni kwamba pesa ni za kuhesabu, mzee tayari anameza dawa za presha, na hakuna aliyeuliza ni ipi kati ya hizo iliyowahi kupimwa kwa binadamu na ikaonekana ilifanya nini.

Jambo lenyewe si dogo kwetu. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa kiasi cha 6.4% ya watu wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na dimensia, yaani ule usahaulifu unaomla mtu taratibu hadi ashindwe kujihudumia. Hadi leo hakuna dawa, ya hospitali wala ya asili, inayouondoa ugonjwa wa Alzheimer, aina kuu ya dimensia. Nyingi ya zilizopo husaidia dalili kwa muda. Kwa hiyo atakayekuambia mmea fulani unaponya kabisa anakuuzia maneno.

Vigezo nilivyotumia

Mimea yote minne nimeipima kwa maswali yaleyale. Imefika hatua gani ya majaribio, kwa watu wangapi, kwa muda gani? Ni salama kwa mtu anayetumia dawa nyingine? Inapatikana vipi, na udanganyifu wake uko wapi? Mwisho, inamfaa nani na haimfai nani?

Swali la kwanza ndilo zito kuliko yote, kwa sababu neno "imethibitishwa na wanasayansi" hubandikwa kwenye chupa bila kusema imethibitishwa kwa nani.

Hatua ya chini ni ya maabara. Ubongo hutumia kemikali iitwayo asetilikolini kupitisha habari za kujifunza na kukumbuka, na kuna kimeng'enya kinachoivunjavunja. Kwa mgonjwa wa Alzheimer kemikali hiyo hupungua, basi watafiti hutafuta mmea utakaokizuia kimeng'enya kisiimalize. Kipimo kinachotumika sana kilibuniwa na George Ellman na wenzake mwaka 1961. Ndani ya kichupa, kimeng'enya kikifanya kazi maji hugeuka rangi ya manjano, na mmea ukikizuia rangi hiyo huchelewa kutokea. Ni kipimo cha haraka na cha bei nafuu, na mimea mingi sana hufaulu. Lakini kichupa hakina tumbo, hakina ini, wala hakina ule ukuta wa mishipa unaochuja kinachoingia ubongoni. Isitoshe, mmea wenye rangi ya manjano wenyewe unaweza kuvuruga usomaji wa kipimo.

Hatua ya pili ni wanyama. Panya hutiwa katika beseni pana la maji yaliyotiwa weupe, na chini ya maji hufichwa kijukwaa. Panya huogelea akitafuta pa kusimama, na kila siku hupimwa anachukua sekunde ngapi kupafikia. Njia hii ilianzishwa na Richard Morris, na ilichapishwa mwaka 1981. Ili kumsahaulisha, mara nyingi panya hudungwa skopolamini, kemikali iliyomo katika mnanaha, ndiyo maana aliyekula mnanaha huweweseka. Huku kwetu kazi hizi zinafanyika. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walichapisha matokeo ya magome ya mti wa Lonchocarpus eriocalyx, yaliyowasaidia panya waliosahaulishwa kwa njia hiyo. Ni kazi ya kupongezwa na ndipo pa kuanzia. Hata hivyo panya aliyesahaulishwa kwa saa chache hawezi kusimama badala ya bibi ambaye seli zake za ubongo zimekuwa zikifa kwa miaka mingi.

Hatua ya tatu ni binadamu. Watu hugawanywa kwa kura, wengine wakapewa dawa, wengine kidonge kisicho na kitu, na si mgonjwa wala daktari anayejua nani kapewa kipi mpaka mwisho. Majaribio ya miezi michache husema kama dalili zimepungua. Majaribio ya miaka ndiyo yanayoweza kusema kama mmea umezuia ugonjwa usije.

Kabla ya kuingia kwenye mimea yenyewe, niseme kwa nini sikubaliani na wanaoidharau tiba ya asili moja kwa moja. Huko Calabar, Nigeria, Waefiki walikuwa na maharage waliyoyaita esere, ambayo mtuhumiwa wa uchawi alinyweshwa: akifa ana hatia, akitapika na kupona hana. Mwaka 1864 wataalamu walitoa kiini chake, fizostigimini, na kwa kuiga umbo la kiini hicho ikaja kutengenezwa rivastigimini, dawa ya Alzheimer iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Galantamini nayo ilipatikana kwanza kwenye ua dogo, na sasa ni dawa ya hospitali. Kwa hiyo mimea ina kitu. Lakini kati ya esere inayoua na kidonge kinachosaidia kuna zaidi ya karne moja ya kupima kiasi.

Manjano

*Majaribio.* Kiini kinachosifiwa ni kurkumini. Kichupani hufanya maajabu: huzuia uvimbe, huzuia zile protini zinazoganda kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer zisishikane. Kwa panya pia imefanya vizuri. Ilipofika kwa wagonjwa, mambo yakabadilika. Hong Kong walijaribu wagonjwa 34 kwa miezi 6, na Marekani wagonjwa 36 kwa wiki 24 kwa kiasi cha hadi gramu 4 kwa siku. Kote hakukuonekana nafuu. Kwenye jaribio la Marekani kurkumini iliyokutwa kwenye damu ilikuwa kidogo sana, kwa sababu utumbo huipokea kwa shida na ini huiondoa haraka.

Kuna upande wa pili. Mwaka 2018 watafiti wa California walichapisha jaribio la watu 40 wasio na dimensia, waliopewa kurkumini iliyotengenezwa ili ifyonzwe vizuri, miligramu 90 mara mbili kwa siku, kwa miezi 18. Kumbukumbu na umakini wao vilikuwa bora kuliko vya waliopewa kidonge kitupu. Matokeo haya yanatia moyo, ila watu 40 ni wachache, na ile haikuwa manjano ya jikoni. Unga wa manjano una kurkumini kiasi cha 3% tu, na sehemu kubwa hupita tumboni bila kuingia mwilini.

*Usalama.* Kwenye mchuzi na maziwa hayana neno. Vidonge vyenye kurkumini nyingi ni habari nyingine: Italia na Australia zimetoa tahadhari baada ya baadhi ya watumiaji kuumia ini. Wengi huchanganya na pilipili manga kwa sababu utafiti wa mwaka 1998 ulionyesha kiini chake huongeza mno ufyonzwaji wa kurkumini. Ni kweli, lakini kiini hichohicho huzuia mwili usiziondoe dawa nyingine, zikiwemo fenitoini ya kifafa na propranololi ya moyo. Mzee mwenye dawa hizo asipewe vidonge vya mchanganyiko huo bila daktari kujua.

*Upatikanaji.* Hakuna kilicho rahisi kuliko manjano. Lakini hapa nawaomba mkae macho. Nchini Bangladesh watafiti walichapisha mwaka 2019 ushahidi kwamba wachuuzi walikuwa wakipaka mizizi rangi yenye madini ya risasi ili ing'ae, na risasi huharibu ubongo, hasa wa mtoto. Ni uchungu kumpa mtu sumu ya ubongo ukidhani unamlinda. Nunua mizizi mibichi, ikate, ianike, usage mwenyewe, au nunua kwa mtu unayejua anakotoa. Unga unaong'aa kupita kiasi uache dukani.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima mwenye afya anayetaka kuila kama chakula. Kwa aliyekwisha kupata dimensia, majaribio hayajaonyesha faida. Mwenye mawe kwenye nyongo au ugonjwa wa ini akae mbali na vidonge.

Zafarani

*Majaribio.* Hapa ndipo nilipopata matokeo ya kuvutia zaidi kwa wagonjwa wenyewe, na yametoka Iran, nchi inayolima sehemu kubwa ya zafarani ya dunia. Mwaka 2010 watafiti wa Tehran walichapisha jaribio la wagonjwa 46 wa Alzheimer kwa wiki 16: waliopewa zafarani walifanya vizuri kuliko waliopewa kidonge kitupu. Katika jaribio lingine wagonjwa 54 walifuatwa kwa wiki 22, nusu wakipewa zafarani miligramu 30 kwa siku, nusu donepezili, dawa inayotumika hospitalini. Matokeo yalikaribiana, na kutapika kuliwapata watu wachache zaidi upande wa zafarani kuliko upande wa donepezili. Baadaye ililinganishwa na memantini, dawa nyingine ya hospitali, kwa wagonjwa 68 kwa mwaka mzima, na hapo pia hazikuachana sana.

Kwa nini basi madaktari hawaiandiki? Kwa sababu majaribio haya ni madogo na yametoka karibu yote kwa kundi moja la watafiti. Yanahitaji kurudiwa kwingine, na kwa watu mamia. Mimi naamini yanastahili kurudiwa.

*Usalama.* Kwa miligramu 30 wengi hawakupata shida. Kiasi hicho ni kidogo sana, nyuzi kumi na kitu tu kwa uzito, ingawa kwenye majaribio ilikuwa zafarani iliyokamuliwa na kutiwa kwenye vidonge. Gramu 5 na kuendelea ni sumu. Mjamzito asitumie kama dawa.

*Upatikanaji.* Bei ndiyo kikwazo, na kila penye bei kubwa pana wadanganyifu. Ua moja hutoa nyuzi tatu tu. Weka uzi mmoja kwenye maji ya vuguvugu kwenye kikombe cheupe. Zafarani ya kweli huachia rangi ya dhahabu polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ikiwa maji yamekuwa mekundu mara moja na uzi umepauka, umeuziwa rangi. Ile ya unga ni vigumu kuijua, usiinunue kwa ajili ya mgonjwa.

*Inamfaa nani.* Mgonjwa wa Alzheimer wa kiwango cha mwanzo au cha kati, ambaye familia ina uwezo na daktari ameafiki, ikiwa nyongeza na siyo badala ya dawa zake. Kombe ni jambo la imani na kila mtu na imani yake, ila wino wa kwenye sahani haukuwa ndio uliopimwa Tehran.

Habasoda

*Majaribio.* Kwa Mwislamu habasoda ina heshima yake, kwa hadithi iliyopokewa na Bukhari kwamba ni dawa ya kila ugonjwa isipokuwa kifo. Swali langu hapa ni la kiasi na la muda tu. Kwa wanyama, kiini chake kiitwacho thaimokwinoni kimelinda seli za ubongo dhidi ya sumu mbalimbali. Kwa binadamu, Bangladesh walichapisha mwaka 2013 jaribio la wazee 40 wenye afya waliopewa miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa wiki 9, na kumbukumbu na umakini wao ukaboreka. Hilo ni jaribio dogo na fupi, na waliopimwa hawakuwa wagonjwa.

*Usalama.* Kwenye mkate na chai haina tatizo kwa wengi. Kama dawa hushusha sukari na presha, jambo ambalo ni jema mpaka pale mzee anapokuwa tayari anameza dawa za kushusha vyote viwili. Sukari ikishuka sana mzee huchanganyikiwa, na nyumbani mtadhani usahaulifu umezidi. Anayetarajia upasuaji aache wiki mbili kabla.

*Upatikanaji.* Mbegu zipo kila duka la sunna na bei yake ni ya kawaida. Mafuta huchanganywa kirahisi na mafuta mengine, kwa hiyo mbegu nzima ni bora.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye afya anayeitumia tayari kwa kiasi cha chakula. Mwenye kisukari aitumie huku akipima sukari.

Ginko

*Majaribio.* Huu ni mti wa China, na katika minne ndio uliopimwa kwa watu wengi kuliko yote. Marekani walichukua watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi, wakawapa miligramu 120 mara mbili kwa siku au kidonge kitupu, wakawafuata kwa wastani wa miaka 6. Matokeo yalitoka mwaka 2008: waliopata dimensia walikuwa 277 upande wa ginko na 246 upande wa kidonge kitupu, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Ufaransa walirudia kwa watu 2,854 kwa miaka 5, na mwaka 2012 wakatoa jibu lilelile: haikuzuia. Kwa wagonjwa waliokwisha kupata dimensia yenye wasiwasi na fujo za usiku, miligramu 240 kwa siku kwa miezi sita hivi zimeonyesha nafuu kiasi katika baadhi ya majaribio.

*Usalama.* Inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu, hasa kwa anayetumia warfarini au aspirini, dawa zinazozuia damu kuganda. Mbegu zake mbichi zina sumu ya degedege.

*Upatikanaji.* Ni vidonge vya kuagiza. Vilivyopimwa vilikuwa na viini vya majani kwa kiwango maalumu, 24% ya flavonoidi na 6% ya teripeni. Chupa isiyotaja viwango hivyo si dawa iliyopimwa.

*Inamfaa nani.* Kwa kuzuia, haijafaa. Kwa mgonjwa mwenye wasiwasi mwingi, iwe kwa uangalizi wa daktari.

Uchague kwa hali gani

Ikiwa mzee amepotea njia ya kurudi nyumbani, amebadilika tabia au amesahau majina ya wanawe, usianze na mmea wowote. Mpeleke hospitali apimwe presha, sukari, vitamini B12, tezi ya shingo, maambukizi ya mkojo na sonona. Baadhi ya haya hutibika na akili ikarudi. Beba pia dawa zake zote zionekane. Dawa za mafua na mzio zenye klorofeniramini, na amitriptilini ya usingizi na maumivu, huzuia asetilikolini ileile ambayo mimea hii inatafuta kuilinda. Nimesikitika kuona familia zikinunua ginko ya bei mbaya huku mzee akimeza kidonge cha mafua kila usiku apate usingizi.

Ikiwa una miaka hamsini na akili timamu na unataka kujikinga, kula manjano na habasoda kwenye chakula kwa sababu ni chakula kizuri, lakini pesa ya vidonge ipeleke kwenye kipimo cha presha. Ripoti ya kamisheni ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia na yanayoweza kushughulikiwa, yakiwemo presha, kisukari, kutosikia vizuri, uvutaji wa sigara na upweke.

Ikiwa daktari ameshasema ni Alzheimer na dawa za hospitali zinamtapisha mgonjwa, zungumza na daktari huyo kuhusu zafarani. Wekeni siku ya kuanza, andikeni kwenye daftari anavyokula, anavyolala na majina anayoyakumbuka, na baada ya miezi minne mkae mwone kama kuna tofauti. Isipokuwepo, acheni.

Ikiwa mgonjwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, ginko na vidonge vya kurkumini viwekwe kando. Akiwa na kisukari, mafuta ya habasoda yasianze bila kupima sukari. Mfamasia wa jirani anaweza kukusaidia bure kwa hilo, mpelekee kila kitu anachotumia mzee, pamoja na ile chupa isiyo na karatasi iliyonunuliwa stendi.

Mwanafunzi wa mtihani anayetafuta mmea wa kuhifadhia masomo, katika minne hii hakuna uliopimwa vya kutosha kwa kazi hiyo. Alale.

Na ikiwa wewe ni mwanafunzi wa utafiti, Muhimbili, Makerere au Kenyatta, minne hii tayari ina watu wengi. Miti mingi ya kwetu ambayo wazee huwapa wenye kusahau bado haijaguswa. Anza na mganga mwenyewe, muulize anachuma sehemu gani ya mti, majira gani, na anachemsha kwa muda gani, kisha upime vilevile anavyoandaa yeye, kwa maji kama yeye anatumia maji. Hifadhi tawi la mti huo kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ili mwingine aweze kurudia kazi yako, pima sumu kabla ya kupima faida, na matokeo yakitoka, yawe mazuri au mabaya, rudi ukamsomee yule mganga kwa Kiswahili.